Kutoka baridi kuja joto la Dar: kulinganisha njia za kulinda nyumba kabla ya kulipa kodi

Familia inayohamia Dar es Salaam kutoka Njombe, Mbeya au Arusha huja na tabia ambayo joto litaivunja ndani ya wiki ya kwanza: kufunga madirisha jua likizama na kuyafungua asubuhi. Njombe, usiku wa Julai, nyumba iliyofungwa ni raha. Dar, usiku wa Februari, joto la nje huweza kubaki nyuzi 25 au zaidi hadi alfajiri, hewa imejaa unyevu, na ukuta wa tofali uliopigwa na jua mchana kutwa unaendelea kutoa joto chumbani hadi usiku wa manane. Watu watafungua tu. Ulinzi unaowataka walale wamejifungia utashindwa hata kama kufuli ni la bei kubwa, kwa sababu hakuna atakayelifunga.

Kwa hiyo njia zote zilizolinganishwa hapa zimepimwa kwa swali hili: ni Februari, umeme umekatika saa nne usiku, je, familia italala ikipata hewa huku nyumba imefungwa?

Nyumba ya uani, ghorofa, au nyumba ya kujitegemea

Nyumba ya uani yenye wapangaji kadhaa, kama zile za Magomeni, Temeke au Ilala, hudharauliwa na wanaotoka nje ya jiji. Kwa ulinzi ina nguvu ambayo hainunuliwi: mchana kutwa kuna mtu uani, na mgeni akikanyaga ukumbini anaulizwa anamtaka nani. Udhaifu wake ni hewa. Chumba kina dirisha moja na mlango unaotazama ukumbi, hivyo upepo haupiti mpaka mlango uwe wazi, na usiku wa joto pazia ndilo linalogeuka kuwa mlango. Omba mapema ruhusa ya kufunga mlango wa grili kwenye fremu hiyo hiyo ya mlango wa mbao. Mwenye nyumba akikataa, tafuta chumba cha kona chenye madirisha mawili.

Ghorofa, kuanzia sakafu ya pili kwenda juu, ndiyo inayojibu swali letu vizuri zaidi. Madirisha hukaa wazi usiku kucha, upepo ni mwingi na mbu ni wachache. Chunguza mambo matatu: kama paa la baraza au bomba la maji machafu linapita karibu na dirisha lako, kama balkoni yako inagusana na ya jirani, na kama lango la chini hufungwa kweli au watu hufuatana tu wakiingia. Kwa wenye watoto wadogo hatari kubwa ni kuanguka kuliko mwizi: ukingo wa balkoni uwe na urefu usiopungua mita 1.1 na mapengo yasizidi sentimita 10.

Nyumba ya kujitegemea, tuseme Goba, Madale au Kigamboni, inakupa uwanja na miti, na inakuachia ulinzi wote mwenyewe. Kabla ya kuipenda, tembea uizunguke ukiwa nje. Pagale lililo ukutani kwako ni ngazi ya bure na maficho ya bure. Kiwanja kitupu chenye vichaka ni hivyo hivyo. Kwa familia isiyoijua Dar, mwaka wa kwanza ni bora ghorofa, au ua wenye nyumba nne hadi sita zinazotumia geti moja. Gharama ya mlinzi na taa inagawanyika, na majirani watakufundisha mtaa.

Vyovyote utakavyochagua, badilisha moyo wa kitasa (sehemu inayoingia ufunguo) cha mlango mkubwa siku ya kupokea funguo. Dalali, fundi rangi na mpangaji aliyetoka wote wamewahi kushika funguo hizo. Kisha nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ulinzi shirikishi wa mtaa hauwezi kumlinda mtu ambaye haujui kama anaishi hapo.

Madirisha

Pesa ya kwanza ielekezwe hapa, maana dirisha ndilo linaloingiza hewa na ndilo linalomvutia mwizi.

| Aina | Linafunguka kiasi gani | Udhaifu wa ulinzi | Linavyoharibika pwani |
|---|---|---|---|
| Slaidi ya aluminiamu | Nusu tu | Lachi huachia. Paneli hunyanyuliwa ikatoka kama juu hakuna kizuizi | Reli hujaa mchanga na chumvi, magurudumu yanagoma |
| La bawaba, linalofunguka nje | Karibu lote | Grili lazima iwe upande wa ndani | Bawaba za chuma huota kutu |
| Luva za vioo | Karibu lote | Vioo huchomolewa kimoja kimoja bila kelele | Klipu hulegea. Mvua ya upepo huingia |
| La mbao lenye mapengo | Hupitisha hewa hata likiwa limefungwa | Linategemea komeo peke yake | Huvimba masika; mchwa |

Slaidi ndiyo utakayoikuta katika nyumba nyingi mpya, na kwa joto ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu nusu ya tundu hubaki kioo wakati wote. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua la bawaba na grili ya ndani. Luva za zamani zisikutishe: zikiwa na grili madhubuti nyuma yake zinapitisha hewa kuliko slaidi yoyote, na mwizi akichomoa vioo bado anakutana na chuma.

Grili yenyewe hutofautiana sana. Flatibaa (chuma bapa) nyembamba yenye maua hupendeza, lakini hukunjwa kwa bomba refu. Nondo ya milimita 12 au skwea paipu (bomba la mraba) yenye kuta nene husimama. Mapengo yasizidi sentimita 10 hadi 12. Ulizia miguu: grili iliyofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya aluminiamu inang'olewa pamoja na fremu, ilhali iliyozamishwa ukutani kwa saruji, angalau miguu miwili kila upande, inahitaji kuvunja ukuta. Ishike kwa mikono miwili na uitikise. Ikicheza, au ukisikia plasta ikivunjika, mwambie mwenye nyumba kabla ya kusaini.

Kutu huanzia kwenye maungio ya kuchomelea. Kagua kila mwaka masika yakiisha, kwangua, paka redoksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu), kisha rangi mara mbili. Nyumba inayoona bahari ifanyiwe hivyo mara mbili kwa mwaka.

Grili humzuia mtu lakini haizuii fimbo. Wizi wa kawaida wa dirisha lililo wazi ni wa ndoano: simu, mkoba, suruali yenye funguo, vyote huvutwa huku wenyewe wamelala. Meza na kitanda visiwe karibu na dirisha la sakafu ya chini, simu ichajiwe upande wa pili wa chumba, na funguo za milango zisitundikwe mahali panapoonekana kutoka nje.

Wavu wa mbu una kazi mbili. Wa plastiki hukatwa kwa wembe. Wa chuma kisichoshika kutu huchelewesha ndoano na hudumu miaka mingi. Wavu wowote hupunguza upepo, hasa ukijaa vumbi, basi uwe wa kutoka ili uoshwe. Usiuache kabisa ati una chandarua kitandani. Dar imepata milipuko ya homa ya dengi, ikiwemo ya 2014 na 2019, na mbu wake huuma mchana.

Sasa jambo linalosahaulika na ndilo linaloua: moto. Nyumba yenye grili kila dirisha na mlango mmoja ni mtego. Kila upande wa vyumba vya kulala uwe na grili moja ya bawaba yenye kufuli la ndani. Ufunguo wake utundikwe mahali pamoja siku zote, zaidi ya mita moja kutoka dirishani ili mkono au ndoano isiufikie, na kila mtu wa nyumbani, hadi dada wa kazi, aweze kuufikia gizani. Fanyeni zoezi taa zikiwa zimezimwa. Namba ya zimamoto ni 114, ya polisi 112.

Kujifungia na kiyoyozi, au kufungua na kuwasha feni

Wengi hufikiri kiyoyozi kinamaliza suala la ulinzi, kwa kuwa kila kitu kinafungwa. Fanya hesabu kwanza. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huvuta takriban kilowati moja kikiwa kinapoza, na usiku wa Februari, saa nane za kulala, kinaweza kula uniti 5 au 6 za LUKU. Kwa mwezi ni uniti 150 na zaidi kwa chumba kimoja, na kwa bei ya kawaida ya nyumbani inayozidi shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni zaidi ya shilingi 52,000. Feni ya pangaboi ya wati 70 kwa saa hizo hizo haifiki uniti 20 kwa mwezi.

Umeme ukikatika, kiyoyozi kinazimika, na chumba kilichotegemea kufungwa kinakuwa tanuri ndani ya muda mfupi. Inveta ndogo, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, haiwezi kukianzisha. Betri ya volti 12, Ah 100 (ukubwa wake kwa ampea-saa), ina Wh 1,200, yaani uniti 1.2. Ya asidi usiivute kupita nusu, na ukitoa hasara ya inveta unabaki na kama Wh 500: feni moja kwa saa saba. Feni ndogo ya sola ya wati 15 hadi 20 inayotumia betri moja kwa moja itazunguka hadi asubuhi na ziada.

Kiyoyozi ni starehe nzuri, lakini chumba kipangwe kana kwamba hakipo: madirisha mawili kwenye kuta tofauti, yote yenye grili na wavu. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi, unatoka kaskazini mashariki. Miezi ya katikati ya mwaka ni kusi. Chumba kinachopokea kaskazi kina thamani kuliko chumba kikubwa kinachotazama magharibi.

Milango

Mlango wa mbele wa Dar unahitaji kuwa miwili: wa mbao ngumu, kama mninga au mkongo, na wa grili mbele yake. Mchana, watoto na dada wakiwa nyumbani, wa mbao unakaa wazi na wa grili umefungwa kwa ufunguo. Mlango wa grili ambao mkono unapita na kufikia kitasa hauna kazi. Kitasa kizungukwe na bamba la chuma la sentimita 30 kila upande.

Mbao huvimba masika, mlango unakwama, na watu wanaacha kuufunga kikamilifu. Acha nafasi ya milimita 3 au 4 pembeni, na paka vanishi hadi kingo za juu na chini, ambazo mafundi huziruka kwa kuwa hazionekani. Skrubu za bawaba na za bamba la kitasa ziwe za inchi 3 ili zifike ndani ya fremu. Kitasa cha liva tano (vibao vya ndani ambavyo ufunguo huvinyanyua) ni bora kuliko cha tatu. Moyo wa kitasa usitokeze zaidi ya milimita 3 nje ya bamba lake, la sivyo hubanwa kwa koleo na kuvunjwa.

Mlango mzima wa chuma hauvunjwi kirahisi, lakini ukitazama magharibi hauguswi saa kumi jioni, na unazuia hewa. Unafaa stoo. Vitasa vya namba au alama ya kidole vina manufaa ikiwa tu vina tundu la ufunguo wa kawaida, kwa sababu chumvi na jasho la pwani hula vishikizo vya betri. Kwa kufuli la geti, nunua la shaba lenye upinde wa chuma kisichoshika kutu.

Juu ya ukuta: umeme, wembe au michongoma

Ukuta mzito wa mita mbili na nusu uliojengwa karibu na dirisha unaua upepo, na mwizi akishaingia unamficha. Sehemu ya juu ikiwa ya tofali za matundu, hewa hupita na jirani huona.

Seng'enge ya wembe haihitaji umeme wala fundi wa kila mwezi. Inamchelewesha mtu, ila haimwamshi yeyote. Gunia nene likitupwa juu yake mtu anapita. Pwani hupata kutu na kulegea, na kipande kilicholegea ndicho kinachopitwa. Chupa zilizovunjwa ni dhaifu kuliko hiyo, zinaumiza zaidi watoto wanaofuata mpira.

Uzio wa umeme unafanya kazi mbili, kuzuia na kupiga kengele, na ndio wenye mengi ya kuharibika hapa kwetu. Mashine yake hutuma mapigo ya volti elfu kadhaa, karibu moja kila sekunde, yenye nishati ndogo: viwango vya kimataifa vinaweka ukomo wa jouli 5. Pigo linaumiza na mtu anapata nafasi ya kuachia. Kuunganisha waya wa ukutani moja kwa moja na umeme wa TANESCO wa volti 230 ni kuua. Fundi anayependekeza hivyo afukuzwe papo hapo.

Mambo yanayoangusha uzio wa umeme pwani ni haya. Kwanza, ardhi, yaani ethi ya mashine. Unahitaji angalau fimbo tatu za kutuliza zenye urefu wa mita 1.2 hadi 1.5, zikiachana mita tatu, na mbali na fimbo ya ardhi ya TANESCO kwa mita 10 ikiwezekana. Mchanga mkavu wa Kigamboni au Mbezi Beach mwezi Januari haupitishi umeme vizuri na pigo linakuwa hafifu. Zichimbie mahali panapodondoka maji ya kiyoyozi au ya bafu la nje, pabaki na unyevu. Pili, waya. Wa mabati ya kawaida huoza mapema ukiwa karibu na bahari, basi tumia chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, au 316 ukiwa ufukweni. Usiunganishe aluminiamu na shaba, maana kiungo hicho huliwa na chumvi. Tatu, vikombe vya plastiki vinavyoshika waya. Vya bei rahisi hupasuka kwa jua, na tabaka la chumvi juu yake huvujisha umeme. Ukisikia tiki-tiki usiku wa unyevunyevu, ndiko unakovujia. Kiangazi, vioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa. Nne, majani: tawi moja la mwembe lililolowa linapunguza nguvu ya mstari mzima.

Betri yake ya Ah 7 ikiwa mpya hushikilia kama usiku mmoja. Joto huifupisha: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya asidi kwa nusu. Usiiweke kwenye boksi la chuma linalopigwa jua. Zima umeme wa TANESCO unaoingia kwenye mashine kila baada ya miezi mitatu na uone inadumu saa ngapi. Waya wa chini kabisa uwe juu ya mita mbili, na weka vibao vya onyo.

Michongoma iliyopandwa mbele ya wavu wa chuma ndiyo inayopendwa na upepo kuliko zote. Inataka miaka miwili au mitatu ifunge vizuri, maji mwanzoni, na kukatwa ibaki chini ya kifua upande wa mbele ili isimfiche mtu. Mpangaji wa mwaka mmoja asianze nayo. Aliyejenga kwake aianze leo.

Taa na kamera

Ukiweza kununua kimoja tu, nunua taa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 11 inakula sehemu moja ya kumi ya uniti. Ongeza taa mbili za sola zinazowaka mtu akipita, zenye paneli iliyotengana na taa, kwa usiku wa kukatika umeme.

Kamera ya Wi-Fi yenye kadi ni rahisi na inamfaa mpangaji, lakini ruta ikizimika haitakutumia taarifa, na anayeiiba ameiba na ushahidi. Kamera za waya zenye kinasio (kisanduku kinachorekodi picha) ni za mwenye kukaa. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza GB 21.6 kwa siku. Nne hujaza kama GB 86, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inabeba siku 11 au 12. Kinasio kisiwekwe darini chini ya bati, maana joto la huko linaua diski. Kamera ziwe chini ya ukingo wa paa, zisitazame jua la magharibi, na viungo vya nyaya viingie kwenye boksi lisilopitisha maji. Buibui hupenda mwanga wa kamera usiku na utando wao hupiga kengele za uongo: fagia kila wiki. Kutazama moja kwa moja kwa simu saa nzima kunakula karibu GB 0.9 ya bando. Na usielekeze kamera kwenye dirisha la jirani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mlinzi wa kampuni au wa kuajiri mwenyewe

Kampuni hukuletea mbadala mlinzi akiugua, msimamizi wa kupita usiku, na pengine kitufe cha dharura. Udhaifu ni kwamba walinzi hubadilishwa mara kwa mara na hawawajui watoto wako. Wa kuajiri mwenyewe anaujua mtaa, lakini wewe ndiye mwajiri: mkataba, NSSF, wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa anakotoka.

Hesabu inayovunja mipango mingi ni ya saa. Sheria ya ajira ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, siku ya mapumziko, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Zamu ya saa 12 usiku, siku saba, ni saa 84. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Saa 24 kwa wiki ni 168, karibu watu wanne. Anayelinda peke yake usiku wote wa wiki atalala, hasa kama mchana anakaa kwenye kibanda cha bati. Mpe kivuli, maji, choo na tochi, na kibanda kinachopitisha hewa pande mbili. Kampuni inayokutoza nusu ya bei ya wengine, uliza mlinzi wake analipwa nini na anafanya zamu ngapi.

Kwenye mkataba wa pango

Kodi ya miezi sita au mwaka ikishalipwa, nguvu yako ya kujadiliana imeisha. Kabla ya hapo andikeni nani anapaka rangi grili, nani anabadilisha betri ya uzio, na kama mlango wa grili utakaoweka ni wako wa kuondoka nao au utakatwa kwenye kodi. Piga picha za kila kitasa na kila grili siku ya kuingia, na omba kuja kuiona nyumba mara mbili: saa tisa alasiri, ujue joto linakaa vyumba gani, na saa tatu usiku, uone mtaa una taa wapi na nani yuko nje.